Soksi Nyekundu za Shosho

Leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo ningeingia na suti yangu. Mnajua mimi ni fundi wa mageti hapa Section 58, Nakuru, sasa asubuhi ya kupeleka mahari kwa kina Wambui kule Subukia, nimevaa nanukia, jirani akaniomba nimvunjie kufuli iliyokwama, nami (sijui kusema hapana) nikachukua nyundo na tindo, miwani ya kazi nikaiacha maana ingeniachia alama usoni, na uso siku hiyo ulikuwa mali ya wakwe. Nikagonga. Kitu kikanidunga jicho la kulia, kidogo tu, nikadhani ni vumbi, nikapangusa nikaenda zangu.

Kufika Subukia, jicho linabubujika machozi, na lile zima nalo likaanza kumlilia mwenzake.

"Wee Dan," mjomba akaninong'oneza, "bibi hujapewa na ushaanza kulia?"

Kwao, bwana harusi huletewa wanawake waliofunikwa leso kutoka kichwani hadi vifundoni amchague wake, na akikosea anatozwa mbuzi. Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu mimi na Wambui tulikuwa tumepanga wizi wetu: angepaka kucha za miguu rangi nyekundu. Nikapita mbele ya mstari, dunia yote ukungu, kidoa cheusi kinaogelea popote ninapotazama, mpaka nikaona wekundu kule chini. Nikamkumbatia mwenye wekundu huo kwa nguvu zote, machozi yananitiririka (kina mama wakasema hayo ndiyo mapenzi), nikatangaza, "Huyu ndiye. Hata nikiwa kipofu ningemjua."

Leso ikatolewa. Alikuwa shosho, nyanya yake Wambui, na soksi nyekundu mpaka magotini.

"Asante bwanangu," akasema, "lakini mbona umechelewa hivi?"

Boma lilicheka mpaka mbwa wakabweka. Wambui akajifunua, akaja amenuna, akanishika kidevu anikaripie, halafu akanigeuzia uso kwenye mwanga.

"Dan, mboni yako si mviringo. Imevutika upande mmoja."

Nikawasimulia ile kufuli, mjomba akataka kuleta sumaku ya spika aivute hiyo chuma itoke. Shosho akamwambia akajing'oe meno nayo kwanza. Nikafungiwa kikombe cha plastiki juu ya jicho lisiguswe, tukarudi Nakuru mbio, moja kwa moja hospitalini, shosho wa kwanza kwenye gari. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Fundi wa jicho moja nani atampa geti, na Wambui nani atampa?

Picha ya eksirei ikaonyesha kipande cha chuma kimetoboa jicho kikakaa ndani. Daktari akasema ningekiacha humo ningelipoteza jicho, kisha akamgeukia shosho aliyenishika mkono.

"Mathe, huyu ni nani wako?"

"Ni bwanangu. Tumeoana leo."

Walinipasua, wakakitoa, na jicho linaona, ingawa si kama zamani. Mbuzi nililipa. Siku hizi hata msumari mmoja siugongi bila miwani, na tuliporudi Subukia kuchagua upya niliivaa ile ya kazi, na suti, mbele ya wakwe wote, nikapita kwenye mstari nimeinama, na kabla sijaangalia kucha za mtu yeyote nikauliza kwa adabu, "Shosho, uko wapi?"

"Niko hapa, bwanangu," leso ya tatu ikajibu, nami nikairuka.