Kivimbe cha Ukubwa wa Choroko

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu ya kuishi. Siku nyingine zote sisi wanawake watatu tulikuwa watu wa wenyewe. Mimi nilikuwa napiga pasi mashuka ya hoteli moja huko Doha, Qatar. Mwenzangu wa chumba, Mganda, alikuwa mlinzi kwenye duka kubwa la nguo. Wa tatu wetu, Mzanzibari, alikuwa mtumishi wa nyumba ya Waarabu huko Muaither. Mimi na Mganda tulipanga chumba mtaa wa Najma, juu ya duka la Mhindi wa nafaka, na Mzanzibari akipata ruhusa yake ya Ijumaa anakuja kwetu, tunapika, tunatandika mkeka, tunakula sinia moja na kuwasema watu. Yeye tulimwita Shoga tu. Mganda tulimwita Afande, maana hata akiomba chumvi ni kama anakamata mtu.

Kwenye sinia lile kila mtu alimwaga ya kwake. Mimi msimamizi wangu alikuwa ananifuata mpaka mlango wa choo. Afande alikuwa na viatu vya kazini vinavyomla vidole, na mchumba huko Mbale aliyetumiwa hela ya msingi wa nyumba akajenga banda la kuku. Tulilicheka lile banda mpaka wali ukapoa. Shoga hakucheka sana. Alingoja tunyamaze, akasema, "Wenzangu, mie nna kivimbe hapa." Akashika titi la kushoto.

Watu wenye akili zao wangempeleka hospitali siku ile ile. Lakini alituapisha tusimwambie mtu. Alisema wakijua kule kazini watamkatia tiketi arudi, na binti yake yuko kwa bibi yake Unguja, anasoma kwa mshahara huo huo. "Nitafutieni kinaletwa na nini," akasema. "Nikishakiacha, kivimbe kitaondoka chenyewe." Na sisi tukaliona ni wazo la maana kabisa.

Basi tukaanza kumtafuta mchawi. Simu za kupangusa ndiyo kwanza zimetuingia mikononi, na kila siku kuna mtu anasambaza ujumbe wa kuua watu kwa hofu: saratani inaletwa na vyombo vya plastiki, inaletwa na tambi za pakiti, inaletwa na kulala na sidiria. Kila Ijumaa tulitoa hukumu mpya. Afande alitupa makopo yote ya siagi tuliyokuwa tunabebea chakula, nikawa napeleka wali kazini na sufuria na mfuniko wake, Wafilipino wakaniuliza kama nahama.

Tukahamia kwenye maji. Doha kukiwa na joto, maji yanapikwa na jua kwenye tangi la plastiki juu ya paa, ukifungua bomba la baridi unababuka. Afande akatangaza kwamba ile ni supu ya plastiki. Tukawa tunaoga maji ya kunywa, yale ya dumu, kwa kikombe, mpaka mwenye nyumba akapanda kuuliza mbona wanawake wawili wanakunywa kama ngamia. Kwamba dumu nalo ni la plastiki, hilo halikutujia hata kidogo.

Shoga yeye alikishitaki chetezo. Kila jioni mama wa nyumba alimpa chetezo cha udi afukize mapazia na nguo za familia, na moshi wote unampita kifuani. Nikamshauri akibebe kwa mkono wa kulia, mbali na kivimbe. Akakibeba kwa mkono wa kulia, roho zetu zikatulia.

Sasa tutajuaje kama kinapungua? Afande akashuka kwa Mhindi, akarudi na choroko, kunde, dengu na maharage, punje moja moja, kutoka ndogo mpaka kubwa. Mhindi alimpa bure akidhani ni dawa ya kienyeji. Kila Ijumaa tukishakula Shoga analala mkekani, tunamminya kwa zamu, punje mkono wa pili kulinganishia. Mimi nasema kunde. Afande anasema choroko, na kwamba vidole vyangu vimekufa ganzi kwa pasi, visihesabiwe. Tunagombana juu ya titi la mtu, na mwenye titi anatetemeka kwa kicheko, analalamika tunamtekenya. Sijawahi kucheka maishani kama nilivyocheka kwenye mkeka ule, na niliwapenda wale wawili kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Halafu Ijumaa moja, mimi na Afande, sote wawili tukasema dengu. Hakuna aliyebisha. Shoga akafunga vifungo vyake akauliza nani anataka chai.

Siku ya pili yake Afande alitoka zamu, hakubadili hata sare, akasimamisha teksi ya Muaither. Nikaingia naye nikimsihi aache, tulishaapa. Alisema yeye aliapa kwa Kiswahili, na Kiswahili si lugha yake. Akabonyeza kengele ya geti.

Akatoka mama wa nyumba mwenyewe. Kaona sare, kaona beji, akajua moja kwa moja kwamba mtumishi wake anashitakiwa kwa wizi wa dukani. Alitufokea Kiarabu cha moto, kwamba huyu binti kakaa kwake miaka na hajagusa hata pini. Afande, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kufungulia watu mikoba tu, akasema "mushkila", yaani kuna tatizo, akajipiga kifuani upande wa kushoto. Mama akaelewa kuwa mali imefichwa kwenye sidiria. Akamwita Shoga, akamvuta nyuma ya geti ampekue kwa mikono yake, ili atuumbue. Tulimsikia akifoka huko ndani, kisha kufoka kukakatika. Alipotoka alikuwa amemshika Shoga mkono. Akatuuliza taratibu, tangu lini. Hospitali aliendesha gari mwenyewe.

Walimchoma sindano, wakachukua walichochukua. Siku ya majibu tulikwenda sote. Daktari, Msudani mpole, alisema ni mafuta tu yamejikusanya, hayana neno. Shoga akamwuliza sasa saratani inaletwa na nini. Daktari akasema baadhi ya mambo yanajulikana, sigara kwa mfano, lakini wagonjwa wengi hata yeye hawezi kuwaambia imetoka wapi. Afande akaninong'oneza kwamba daktari huyu hasomi meseji. Nikapasuka kwa kicheko, na nesi akatutoa nje.

Kwenye maegesho tulicheka kama walevi. Mama wa nyumba alicheka nasi bila kujua tunacheka nini. Simu ya Shoga ikaita, ni binti yake, na kwa furaha akaweka sauti ya wazi ili wote tumsalimie.

"Mama," mtoto akasema, "yale uloniambia nisisahau nimeshayashika yote. Cheti changu kimo kwenye sanduku la bibi. Skuli nisiache. Nikiolewa asimame mama mdogo. Nikusomee tena?"

Afande akavua kofia yake.

"Basi, mwanangu," Shoga akasema. "Yasahau. Ntakuja kukwambia mwenyewe."