Ng'ombe Aliyepanda Jukwaani

Haya jamani, sogeeni, na wewe uliyesimama mlangoni ingia ufunge, baridi ya Mbinga haina adabu. Mmesikia? Yule mzee aliyekuwa mkamuaji kule ambako sasa kuna bustani ya kupumzikia, katutoka. Tumemzika juzi kijijini kwao Ukata. Nimelia mpaka wafiwa wakaanza kunibembeleza mimi.

Ninyi mnaopiga picha za harusi kwenye yale maua, hamjui mnakanyaga nini. Lile lilikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa. Maziwa mazito, nzi anatembea juu bila kulowa miguu! Mzee akiita ng'ombe wake asubuhi, watu wa Mbamba Bay kule ziwani wanageuka: "Nani kaniita?" Kisha mji ukapanda kilima, nyumba zikalizunguka shamba, wenye nyumba wakalalamikia mavi, maziwa hawakuyalalamikia. Likafungwa. Mzee akaondoka na ng'ombe mmoja mwenye mimba, ndiyo kiinua mgongo chake. Huyo akifa, mzee hana kitu. Bustani siikatai, watu wanahitaji pa kupumzika. Ila mjue, kila pa kupumzikia kuna mtu aliyechokea hapo kwanza.

Sasa siku ya ufunguzi. Sakafu ya banda la kukamulia wameigeuza jukwaa, si saruji ilikuwepo tayari? Maua kila kona, utepe mwekundu umevutwa mbele. Mara yule ng'ombe, kakata kamba huko kwa mzee, kapita katikati ya viti, kapanda jukwaani, kalala pale pale alipozoea kukamuliwa. Uchungu! Kwato mbili ziko nje, ndama kakwama. Mzee na mkewe wakafika mbio, wanahema.

Msimamizi wa sherehe, bwana wa ofisini mwenye suti, alitoka jasho la kumwagilia shamba zima la kahawa. "Mzee, mtoe huyu mnyama! Mgeni rasmi ameshafika sokoni!"

"Nimtoe vipi, mwanangu? Anazaa."

"Akazalie nyumbani!"

"Mwambie wewe. Mimi hanisikii."

Wakaitwa vijana wenye nguvu wamburute. Mzee akajilaza juu ya shingo ya ng'ombe. "Mkimburuta mnaua wawili. Niburuteni na mimi, tuwe watatu." Vijana wakamwachia. Hata mimi ninayeongea mpaka usingizini, nilinyamaza. Ng'ombe macho yanageuka meupe. Mzee akarudi nyuma, akazishika kwato, anavuta, mikono inateleza, anamlilia ng'ombe waziwazi: "Bibie, usiniache." Ving'ora vya mgeni rasmi hivyo, vinapanda kilima.

Mkewe akang'oa utepe wote, akaufunga kwenye kwato, akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe una mdomo tu, mikono huna? Vuta!" Nikavuta. Mzee akavuta. Msimamizi naye, na suti yake, akavuta. Ndama akatoka puu! Tukaanguka chali wote, na mgeni rasmi akatukuta hivyo hivyo.

Akasimama. Msaidizi wake kashika sinia lenye mkasi. Wakautafuta utepe kwa macho, hawauoni. Mzee kamlalia ndama kifuani kusikiliza kama anapumua, na sisi wengine tumeacha kupumua kabisa. Ndama akapiga chafya. Mke wa mzee, damu mpaka viwikoni, akapaza sauti:

"Karibu mheshimiwa! Utepe tumeutumia. Wewe kata kitovu!"