Sparadra juu ya taa ya moteri

Uvumilivu wangu uliisha nilipobandua sparadra, ile plasta ya kufungia vidonda, iliyokuwa mbele ya usukani wa gari la wagonjwa, nikakuta taa ya onyo ya moteri inawaka chini yake. Tangu tulipotoka Wamaza mtoto wangu alikuwa anatapika mapajani mwangu, na gari lote lilinuka moshi.

"Mama, hiyo taa iko inadanganya," shofa alisema. "Fundi wa Kasongo alituambia ni sonde tu, kile kidude cha kupima moshi kwenye bomba. Akakata waya, lakini taa ikakataa kuzimika. Ndiyo tukaifunga kidonda." Akacheka.

Nilishuka, nikainama. Bomba lilikuwa limepasuka chini kabisa ya kiti chetu. Sonde ilisema kweli, nao wakaikata ulimi. Tulimaliza safari ya hospitali kwa pikipiki, mtoto akikohoa mgongoni mwangu.

Kesho yake nilipeleka barua ya malalamiko kwenye biro ya teritware, ofisi ya wilaya, Kabambare: gari lile lisibebe mgonjwa hata mmoja mpaka bomba litengenezwe. Sekretere alitaka niongeze "kwa heshima zote". Nilikataa, nikasimama pale mpaka akapiga muhuri wa kupokea.