Kalamu Haijui Utani

Mwanangu, siku nitakayokusimulia naikumbuka mpaka rangi ya shati nililovaa, maana nililivaa kwa majivuno. Nilikuwa na miaka arobaini na ushei, lakini ujana ulikuwa haujanitoka kichwani. Darasa la nne nililiacha njiani, matofali nimefyatua mwenyewe hapa Kerege, nyumba nimejenga mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hudhani kila anachosema ni hekima.

Athumani ni mtani wangu. Babu yake alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, akaoa Fukayosi, na babu yangu alipokufa babu yake huyo ndiye aliyeingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka abembelezwe. Sisi na wao tunataniana hivyo. Athumani mwenyewe hajafika mbali kupita Chalinze.

Zilipokuja siku za kuandikishia vitambulisho vya taifa, akaambiwa alete mtu wa kushuhudia kuzaliwa kwake. Cheti hakuwa nacho, na kwa umri wetu, sisi tuliozaliwa Fukayosi nani anacho? Akanileta mimi.

Nyuma ya meza alikaa binti mpole. Akanipa shikamoo, nikamwitikia. "Baba, huyu unamfahamu?"

"Sana," nikasema. "Mgeni huyu. Alikuja ndani ya gunia la korosho, tukalifungua tukidhani tumepata chakula."

Foleni nzima ikacheka. Athumani naye akacheka. Binti hakucheka, aliandika. Kalamu ikaenda, ikaenda, mpaka kicheko cha Athumani kikakatika.

"Kwenu wapi?" binti akamuuliza.

"Fukayosi."

"Kabla ya hapo?"

"Tumboni mwa mama."

Hilo nalo likaandikwa. Nikaona mambo yanaharibika, nikaanza kueleza utani wa mababu. Binti akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa, baba. Na wewe, cheti chako kiko wapi?"

Sikuwa nacho.

"Nani atakushuhudia?"

Nikaitazama foleni. Wote watu waliohamia Kerege juzi juzi. Aliyenijua tangu tunatambaa alikuwa mmoja tu, na nimeshamtia guniani. Athumani alinipima kwa macho toka kichwani mpaka miguuni, mwanangu, jasho likalowesha lile shati. Mwishowe akasema, "Mwandike. Wa hapa hapa, kwa bahati mbaya."

"Huyu hawezi kukushuhudia, baba," binti akasema. "Si umesema ni mgeni?"

Tukatoka nje wanaume wawili, hakuna mwenye nchi. Tukaenda Fukayosi kwa Bi Mwanaidi, mkunga aliyetupokea sote wiki moja. Alitusikiliza bila kutukaribisha hata maji.

"Vitovu vyenu nimevizika nyuma ya jiko langu," akaniambia, "hatua mbili kati yake, na mpaka leo havijagombana. Sasa mwenzio ukimnyima hapa, unampeleka wapi? Huko Msumbiji hata mbuzi hamjui. Utani una mahali pake, msibani. Pale wote wanajua mkishacheka mtazikana. Kalamu haimziki mtu."

Kesho yake akaja Kerege na mkongojo wake, akatushuhudia. Mimi nilipata kitambulisho. Faili la Athumani, kwa ajili ya gunia langu, lilikwenda likarudi miaka minne. Miaka hiyo shamba hakuweza kuliandikisha, na mtu mzima mwenye wajukuu akiona gari la serikali anaingia vichakani. Hata laini yake ya simu ilikuwa kwa jina langu; kila akimtumia mkwewe hela, mkwe ananishukuru mimi. Nilipokea shukrani hizo kwa aibu, ingawa si zote.

Alipokipata, alikuja kwangu moja kwa moja, akakiweka mezani. "Karibu nchini kwetu," akaniambia.

Basi, mwanangu, ukiitwa kumshuhudia mwenzio, utani uvue mlangoni kama unavyovua viatu msikitini. Sema ulijualo, kisha nyamaza. Neno likitoka halirudi, likiandikwa, linazaa. Na cheti cha mwanao kitafute kitovu kikiwa kibichi, kwa kuwa wakunga hawaishi milele. Mola akujaalie jirani anayejua kwenu ni wapi, na siku atakapoulizwa, amwondolee hamu ya kuchekesha watu. Amin.