Bila Kupanda Lori

Kila aliyefika Mombasa alipewa cheti, na hilo ndilo lililoniudhi. Tulitoka Nairobi kwa baiskeli kuichangishia shule ya watoto wenye ulemavu kule Dagoretti, ambako mke wangu alikuwa mwalimu. Nyuma yetu lilifuata lori la kuwaokota waliochoka. Kufika Voi, lori lilikuwa limejaa watu na baiskeli, nami bado nilikuwa nakanyaga pedali huku nikiyatukana magoti yangu kimoyomoyo. Mwishoni wa lori na wa pedali tukapangwa pamoja, tukapigwa picha pamoja, tukapewa cheti kilekile. Wa lori ndio waliotabasamu vizuri zaidi, maana walikuwa wamepumzika.

Ningelipuuza jambo hilo kama si mjomba wangu. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi katikati ya jiji la Nairobi, na ndiye aliyenilea nilipoletwa Nairobi kusoma. Aliahidi kuinunulia shule viti vya magurudumu, kila mtoto asiyeweza kutembea apate chake, kwa sharti moja: niendeshe mwenyewe mpaka mwisho, nisibebwe hata kidogo. Sharti hilo halikutoka hewani. Nilikuwa nimeacha chuo, nikaacha biashara ya kuuza simu, nikaacha hata kujifunza kuendesha gari. "Wewe ni hodari wa kuanza," alizoea kuniambia. Mke wangu naye, kwa furaha zake, alishawaambia watoto kwamba viti vinakuja.

Nilirudi kwa basi. Kesho yake nikateremka kutoka kwangu Kileleshwa hadi dukani kwake, magoti yamekaza, cheti mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akakitazama cheti bila kukishika. "Mteja wangu mmoja alipita Kibwezi. Aliona lori limewapakia waendesha baiskeli kama mbuzi wa Idi."

"Mimi sikuwemo."

"Na hao waliokuwemo, wana cheti?"

Nikamwonyesha picha niliyopigwa Mombasa. Akasema picha ile ilimwonyesha mtu amesimama na baiskeli, na kusimama na baiskeli hata yeye aliweza. Nikazunguka dukani aone ninavyochechemea.

"Aliyekaa kwenye lori siku kadhaa huchechemea vivyo hivyo," akasema. "Na isitoshe, mwanangu, kutoka hapa kwenda Mombasa ni mteremko mtupu. Hata pipa lingefika."

Masikio yaliniwaka moto. Mteremko! Anayesema hivyo hajakutana na upepo wa kule Maungu, unaokupiga kifuani kutwa nzima. Dada aliyekuwa kwenye kaunta aliniinamia akanong'ona, "Lakini si ulipanda kidogo tu? Sema ukweli. Hata mimi ningepanda, na singeficha."

Ningeweza kuapa. Mjomba angekubali kiapo. Lakini sikutaka kumtaja Mungu kwa ajili ya baiskeli, na tena nilikuwa nimenuna. Nilitaka aniamini mimi, basi. Nikawafikiria wale watoto wa Dagoretti, na mke wangu akiwaeleza kwamba viti haviji kwa sababu mumewe haaminiki.

Adhana ya adhuhuri ikatukuta katika ubishi huo. Tukaenda msikitini bila kusemezana, tukasimama safu ya nyuma, bega kwa bega. Kurukuu niliweza. Kusujudu niliweza pia, ingawa nilijiangusha zaidi kuliko kushuka. Imamu alipotoa takbira ya kuinuka, safu nzima ikasimama, mimi nikabaki chini. Magoti yaligoma. Nikajisukuma kwa mikono, nikafika nusu, nikarudi. Nikajaribu tena, nikarudi tena. Wenzangu walikuwa wameshaanza rakaa ya pili nami nipo pale kama gunia. Aibu niliyoiona siku ile sijapata kuiona tena.

Mjomba hakuwa na mchezo na swala. Aliwahi kunilazimisha kuirudia yote, nikiwa kijana, kwa kuwa nilikuwa nikijikunakuna shingo. Kwa hiyo sikutarajia kitu kwake. Nikaona kanzu yake inasogea. Akanigeukia, akanijia, akainama, akanitia mikono yote miwili kwapani na kuninyanyua kama mtu anavyomnyanyua mtoto. Hakuniachia mpaka alipohakikisha nimesimama sawasawa. Kisha akarudi mahali pake, akafunga mikono. Kila tulipotakiwa kusimama kutoka chini, alifanya hivyo tena.

Baada ya salamu nikamgeukia nimshukuru. Alikuwa ameshasimama.

"Swala yangu imeharibika," akasema kwa sauti ya chini. "Nimesogea mno. Ningoje niirudie."

"Mjomba, si ungeniacha tu pale chini?"

"Nikuacheje?" Akanitazama magoti, kisha usoni. "Mtu anaweza kuigiza dukani kwangu. Haigizi akiwa amesujudu. Ukitoka nje mpigie mkeo, mwambie viti naviagiza leo."

Akaelekea kibla, akatoa takbira. Nilikaa nyuma yake nimenyoosha miguu kwenye zulia, nikilia bila kujificha, huku yeye akiianza upya, rakaa zote nne.