Mvua tuliyoiombea ndiyo iliyomaliza ng'ombe wetu huku Garsen

Wakuu, habari za huko mliko.

Niko kibandani kwangu Garsen, hakuna wateja, na wingu limeanza kufunga tena upande wa kusini. Nikiliona hivi mwili unanisisimka. Acha niwaelezee kwa nini. Haya niliyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi.

Mimi ni Muorma. Natengeneza simu hapa mjini, lakini kwetu ni ng'ombe. Mzee wangu, Guyo, anaishi huko nyandani na Halima, mke wa kaka yangu. Kaka yuko kazini Mombasa.

Ukame ulikuwa umetukausha kabisa. Ng'ombe walibaki ngozi na mifupa, unaweza kuhesabu mbavu ukiwa mbali. Kila Ijumaa ilikuwa dua ya mvua.

Halafu redio ikatangaza kwamba kuna upepo baridi unapanda kutoka kusini, na mvua ya siku kadhaa. Group ya familia ikajaa Alhamdulillah. Nikafunga kibanda, nikaenda nyumbani kusherehekea.

Mchana ule joto lilikuwa la kukaba koo. Ghafla upepo ukageuka.

Nyinyi wa Limuru mliozoea baridi mtacheka, lakini kwetu sweta ni nguo ya kupigia picha tu. Jioni hiyo meno yalikuwa yanagongana. Mvua ikaja, si ile ya kishindo, ni nyembamba, inakuja kwa ubavu na upepo, haikatiki.

Mzee alitoka nje akasimama alowe makusudi, huku anacheka.

"Tumepona," akasema.

Asubuhi mbuzi walikuwa wamerundikana kwenye kona moja ya zizi. Nilidhani wamelala. Halima akamshika mmoja mguu, akamvuta, akamwachia. Akaenda kwa mwingine.

Kuna mtu atauliza, mvua inauaje mnyama? Mkuu, mnyama aliyekonda hana mafuta ya kumpa joto. Akilowa na upepo umpige, anatetemeka mpaka nguvu zinaisha, anapiga magoti. Akishalala kwenye maji baridi, basi.

Siku ya pili ni vilevile, mvua na upepo. Kuni zote zimelowa. Halima akavunja kitanda chake, tukachoma. Neti, magunia, mikeka, vyote tukafunika ng'ombe. Tunamwinua mmoja, mimi mkiani, yeye kifuani, anasimama. Tukihamia kwa mwingine, yule wa kwanza ashalala tena.

Halima ndiye aliyesema, "Tuwapeleke kanisani kule mtoni. Kuna mabati na kuta."

Mzee akawaka. Kijiji cha mtoni ni cha Wapokomo, wakulima. Kiangazi hicho hicho ng'ombe wetu walikuwa wameingia kwenye migomba ya mama mmoja anaitwa Mama Rahel, na maneno yaliyotupwa siku ile, pande zote mbili, siyaandiki hapa.

"Nikafie kwa wale watu?"

"Hufi wewe, Baba," Halima akamjibu. "Wanaokufa ni hawa."

Akakataa kuondoka. Tukamwacha, tukawaswaga wale ambao bado walikuwa wanatembea. Ule udongo mweusi ukilowa unashika kwato kama gundi. Aliyeanguka tulimwacha hapo hapo. Nilisikia mmoja analia nyuma yangu. Sikugeuka.

Na kumbe mwenye funguo za kanisa ni Mama Rahel.

Alitoka na gunia kichwani, akatuangalia. Nikaanza, "Mama, ile migomba yako..."

Akanikata. "Ya migomba tutaongea jua likitoka. Ingiza ng'ombe."

Watu wa kijiji wakasogeza mabenchi. Wakaleta makuti makavu, wakawasha moto mlangoni. Mzee mmoja wa kanisa akanung'unika kwamba hapo ni mahali pa ibada.

"Nitapiga deki mimi," Mama Rahel akamwambia, akaendelea kumkausha ndama na kanga yake.

Wanawe wawili wakarudi na mimi kumfuata Mzee. Tulimkuta ameketi kwenye matope, kifua wazi. Shuka yake amemfunika yule ng'ombe mkubwa aliyempenda, kichwa chake amekipakata mapajani.

"Taratibu," akatuambia. "Bado anapumua."

Yule ng'ombe hakuwa akipumua, wakuu. Alikuwa amekauka.

Mtoto wa Mama Rahel akambeba Mzee mgongoni njia nzima. Hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jua lilipotoka, nyanda yote ilikuwa mizoga. Jamaa zetu wa kule Wenje walikuwa wanalia kilio hicho hicho. Wetu waliopona ni wale wachache wa kanisani, na hata hao kuna waliokufa baadaye kwa kikohozi.

Mzee alilala kwa Mama Rahel mpaka kifua kikafunguka. Mimi na Halima tukampandia Mama migomba mipya.

Nyasi nazo zikaota, hadi magotini. Halima anachunga wale waliobaki, kwa sababu Mzee hataki kuwaona. Yeye anashika fimbo kila asubuhi, anazunguka kwenye zile nyasi peke yake hadi jioni, hachungi chochote.

Nilichojifunza: mvua ya kwanza baada ya ukame mkali ni hatari kama ukame wenyewe. Mkisikia inakuja, tafuteni paa na kuni kavu kwanza, sherehe baadaye. Na mkiwa na ugomvi na jirani, umalizeni kungali kukavu.

Walio Chewele, Kilelengwani na kwingine, nyinyi huwa mnawakinga vipi ng'ombe wenu? Leteni maarifa hapa.

Na kama kuna mtu amewahi kukaa na mzee aliyepoteza ng'ombe wake, naomba aniambie alimwambia nini. Mimi mpaka leo sijapata la kumwambia.