Mota ya Waipa na Mafuta ya Papa

Simpendi mtoto wa ami yangu, na sitaki mtu aanze kusoma akidhani kwamba mwishoni nitampenda. Tulizaliwa nyumba moja hapa Kismayu, na vita vilipoanza tulikimbia mashua moja, watoto tumepangwa chini kama magunia. Mombasa ndiko tulikoachana. Yeye alipata njia ya kwenda Uingereza, mimi nikarudi na mama yangu mara tu watu walipoanza kurudi. Yeye ana paspoti, mimi nina fundo moyoni, na sioni haya kulisema.

Nina kibanda cha umeme wa magari, si mbali na barabara ya bandarini. Kutwa nzima ni bajaji zenye taa zilizokufa na madereva wenye maneno mengi. Gari moja tu nilikuwa nalitengeneza kwa mapenzi: gari dogo la Kitaliano, usukani kushoto, rangi ya maziwa yaliyochacha, ambalo baba yangu na baba yake walilinunua kwa ubia kabla sisi hatujazaliwa. Lilipona vita kwa sababu lilifukiwa chini ya makuti na mbao mbovu za mashua katika banda la baba. Mimi ndiye niliyelifukua. Mimi ndiye niliyehangaika na kabureta yake, breki zake na kioo chake cha mbele. Miaka yote hiyo mwenzangu hakutuma hata skrubu.

Basi mwaka huu akaja, viatu vyeupe, simu mkononi, akilipiga gari picha kila upande kama polisi kwenye ajali. Akasema huko aliko wako wazee wenye uwezo wanaoyapenda magari ya zamani, na kwamba atalipakia merikebuni alipeleke. Nikamwambia gari si lake. Akasema nusu ni ya baba yake. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonikera zaidi.

Kisha akanitia kidole jichoni mbele ya mama. "Mama mkubwa," akasema, "gari hili halina waipa. Mvua ikinyesha, huyu atakuua."

Waipa zilikuwapo. Ila mota yake ilikuwa imechoka kabisa. Ilivuta mikono ile miwili kwa uvivu, ikifika katikati ya kioo inapumzika, na ukitaka iendelee lazima ugonge dashibodi kwa ngumi. Nilikuwa nimezoea. Mtu akizoea ubovu huacha kuuona, na ubovu huo akauona yeye siku ya kwanza tu.

Mama ndiye mkubwa pekee wa nyumba yetu aliyebaki hai. Alitukalisha barazani, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mimi sitaki mchu anilaumu," akasema kwa lahaja yetu ya visiwani. "Mvua ya kwanza ikinya, mwanipakia mwanipeleka Gobweni kwa dada yangu, na kunirudisha. Gari likenda na kurudi, laketi hapa. Likishindwa, na lende huko Ulaya. Mumesikia?"

Tukasema tumesikia. Mtoto wa ami akaingia ndani, akarudi na mota mpya ndani ya karatasi, yenye mwendo wa aina mbili, wa polepole na wa kasi. Alikuwa ameileta ili gari lipate bei, si kwa huruma yoyote. Akanipa pamoja na kikopo cha grisi. "Meno ya mota yataka grisi hii," akasema. "Usitie kitu kingine."

Usitie kitu kingine! Ananiambia mimi, nami nalala na kuamka na waya.

Mota yenyewe, kwa taarifa yenu, ilikuwa ya gari lenye usukani wa kulia. Hakulijua hilo, na wala hakuuliza. Niliifunga siku ya kwanza kwa majaribio, nikawasha, waipa zikalala upande usiofaa na kuacha kipande cha kioo mbele ya dereva hakijaguswa, kipana kama sinia. Abiria angeona barabara nzima na dereva angeona matope. Nilicheka peke yangu kibandani kwa ile furaha mbaya ya kumkamata mtu na kosa lake.

Nikaanza kazi. Nilikata kipande cha chuma nikakitoboa matundu matatu kiwe kishikio, kwa kuwa ile mota ilikuwa nene kuliko ya zamani. Nikaweka mpira wa tyubu chini yake isitetemeke. Ilikuwa inakula umeme mwingi, kwa hiyo nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri na kuitilia fyuzi yake yenyewe. Kisha nikafungua kifuniko cha mota na kukizungusha kile kisahani cha ndani kinachoiamuru waipa ilale wapi. Nikakizungusha kidogo, nikawasha, nikazima, nikatazama. Nikakizungusha tena. Nikafupisha chuma kinachounganisha mikono miwili, nikaing'oa mikono na kuirudisha jino moja nyuma, halafu nusu siku nyingine ikaenda kwa jino hilohilo moja. Mwishowe zikapanda pamoja, zikashuka pamoja, zikalala chini kabisa ya kioo bila kugongana. Kusema kweli ilikuwa kazi nzuri.

Ikabaki grisi. Nilikitazama kile kikopo chake, nikakisukumia chini ya meza.

Kwetu hakuna kitu kisichopakwa mafuta ya papa. Baba alikuwa mchonga mashua, mtu wa kisiwa cha Ngumi, na nilikua nikiyaona maini ya papa yakichemshwa na mafuta yake kusuguliwa kwenye mbao hadi zikakataa maji. Bawaba za mlango, kufuli, mnyororo wa baiskeli, vyote tulivipaka hayo hayo. Nikaona haya mafuta yamezuia bahari, yatashindwa na meno ya mota? Nikayajaza. Nikayamimina pia kwenye zile shingo mbili zinazotokeza chini ya kioo, ambamo mikono ya waipa imesimama, mpaka yakafurika. Kisha nikamwagia kioo ndoo ya maji, nikawasha. Kikang'aa.

"Umetia grisi?" akaniuliza jioni ile.

"Nimetia," nikamjibu, bila kumwangalia.

Mvua ilichelewa siku tisa. Gari lilikaa juani, na jua la Kismayu halina adabu. Sikulimwagia maji tena, kwa nini nimwage? Nililiosha mwili, nikalitazama kwa kiburi, na kila aliyepita nikamwonyesha waipa zinavyokwenda, nikiziwasha kidogo tu zisikwaruze kioo kikavu.

Siku ya kumi ikanyesha asubuhi, mvua ya kweli. Mama alikaa mbele, amejitanda, kikapu cha maembe mapajani. Mtoto wa ami akakaa nyuma. "Chwende," mama akasema. Nikawasha waipa, zikafagia mara mbili, tatu, na barabara ikaonekana vizuri. Nilimtazama yule wa nyuma kwenye kioo kidogo. Nilitaka aone uso wangu.

Tulipotoka mjini mvua ikazidi, nikaweka mwendo wa kasi. Hapo kioo kikaanza kubadilika. Kwanza ukungu mwembamba, nikadhani ni pumzi zetu, nikapangusa kwa ndani. Haukutoka. Waipa zilipopita tena zikauacha mzito zaidi, na mara kioo chote kikawa cheupe kama tui. Kadiri zilivyofanya kazi ndivyo zilivyozidi kukipaka. Nikasikia harufu kabla sijakubali ni nini. Jua la siku tisa lilikuwa limeyayeyusha mafuta, yakashuka polepole kutoka kwenye zile shingo na kujikusanya pale nilipozilaza waipa kwa ustadi wangu wote.

Lori lilipiga honi mbele yetu. Sikuliona, nililisikia tu. Nikakata usukani, magurudumu ya kulia yakaingia mchangani, maembe yakamwagika, mama akaita jina la Mungu, na gari likasimama. Lori likapita likiturushia maji. Hakuna aliyeumia.

Mama alivuta pumzi mara mbili kwa pua. Ameishi na mchonga mashua umri wake wote. Akaniuliza taratibu, "Ni mota hii, au ni mkono wako?"

Kabla sijafungua mdomo, mtoto wa ami akasema kutoka nyuma, "Ni mota, mama mkubwa. Mbovu. Nimeuziwa uchafu. Yeye hana kosa, na safari hii haihesabiki. Gari libaki hapa."

Nikageuka nikamtazama. Alijua. Harufu ilikuwa imejaa gari zima, na yeye pia ni mtoto wa pwani. Alikuwa ananipa gari, zima zima, yeye aliyevuka nchi ngapi kulifuata, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho ningevumilia ngumi kuliko kukitazama. Alikuwa ananihurumia. Nilijiona nikiliendesha gari hilo kila Ijumaa kwa hisani yake, nikimshukuru kwa simu kila Idi. Nikasema:

"Mwongo. Mota ni nzima. Nimetia mafuta ya papa, nimetia mimi."

Mama hakunigombeza. Alikusanya embe moja moja kutoka miguuni pake, akayarudisha kikapuni, kisha akasema, "Basi ni lake."

Nilishuka. Mtoto wa ami aliniita kwa Kisomali, "Warya, wewe, ingia, utaloa," na mimi nikaendelea na njia yangu kurudi mjini, viatu vimejaa maji, nikimtukana yeye, na mvua, na lori. Nilikuwa nimekwenda mbali niliposikia ile injini nyuma yangu. Alikuwa amekisugua kioo, sijui kwa sabuni au kwa shati lake. Akapunguza mwendo ubavuni mwangu, akanyoosha mkono akanifungulia mlango wa nyuma, nikatikisa kichwa. Wakanipita. Mama alikuwa anatazama mbele, na waipa zilikuwa zinapanda pamoja na kushuka pamoja, hazikosei hata mara moja.